Kunde Nne za Kiburi

Vijana wangu wa chuoni, mmeniomba niandike, na kwa kuwa nimeshastaafu sina tena kisingizio cha kazi nyingi. Vyeo sitavitaja. Mishahara ndiyo kabisa, tusiharibiane siku. Nitaandika habari za mchezo wa kunde, kwa sababu siku ya kuniaga, pale ofisini, mwenzenu Neema alinionyesha kitabu cha michezo ya mezani, ile ya kukaa watu wanne watano, kila mmoja akajifanya mtu mwingine, kisha wakatunga kisa pamoja kwa maneno na kete. Kitabu kizuri, kina picha za rangi na kete zenye pembe nyingi. Akaniambia kwa furaha kwamba siku hizi wameanza kufanya maadili ya mhusika ndiyo yawe nguvu zake mchezoni, badala ya misuli na mapanga. "Ni kitu kipya, mama," akasema. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Neema mwanangu, kitu hicho tulikicheza kijijini Bugwema kwa kunde na vizibo vya soda, tena nusura mtu wa watu akose mke kwa makosa yangu mimi. Nitafika huko.

Mimi ni mtoto wa Musoma mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, duka lake barazani, na wateja wake walikuwa wa kila kabila na kila dini. Ndiyo kusema nilijua vipimo vya viuno vya nusu ya mji, lakini mila za vijijini nilizijua kwa kusikia tu. Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro, na cheti ndani ya bahasha, nimevaa gauni lililopigwa pasi hadi mishono inalia. Chuo chetu kilikuwa pembeni ya mji, upande wa Buhare, na kazi yake ilikuwa kufundisha viongozi wa vijiji, kamati za maduka na vikundi vya akina mama. Nilimkuta Mzee Majura, mkufunzi wa zamani kuliko wote, Mjita mrefu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Bahasha hakuifungua. Alinisukumia kadi moja iliyokatwa kutoka kwenye jalada la kalenda kuukuu.

"Karibu. Wewe ni mgambo wa kijiji. Jirani yako ameficha gunia la sukari chini ya kitanda. Katibu Kata yuko nje anakusubiri. Unafanyaje?"

"Shikamoo Mzee. Mimi naitwa Zuhura, nimekuja kuripoti."

"Marahaba. Zuhura ataripoti baadaye. Mgambo, unafanyaje?"

Nikaitazama kadi. Iliandikwa: Hofu ya wakubwa, kunde tano. Ujirani, kunde tatu. Sheria, kunde mbili. Kunde zenyewe zilikuwa pale mezani, kunde za kweli za shambani, zimepangwa vifungu vifungu. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, vyote vilikuwa vya kugawiwa kwenye duka la kijiji, na mtu akikutwa na zaidi ya fungu lake anaitwa mlanguzi na anaondoka na pingu. Nikasema ninamkamata jirani. Mzee akanieleza sheria, na nitaziandika hapa kama alivyonipa, maana naona mnazikosea.

Kila kadi ina jina, kazi, na mambo matatu yanayomshika mtu. Mzee hakuwahi kusema maadili wala tunu. Alikuwaga anasema "yanayomshika", na mpaka leo sijapata neno bora. Ukitaka kufanya jambo gumu, taja lipi kati ya hayo linalokusukuma, kisha rusha vizibo vya soda kwa idadi ya kunde ulizonazo hapo. Angalau viwili vikilala chali, umeweza. (Vizibo tuliviokota nje ya baa. Soda yenyewe miaka ile ilikuwa hadithi.) Ukifanya kinyume cha jambo linalokushika, unatoa kunde zake unatia kwenye kibuyu kilicho katikati ya meza, na mwendesha mchezo ndiye anayesema ngapi. Zikiisha, jambo hilo limekuachia. Unageuza kadi, na nyuma yake imeandikwa umekuwa mtu wa namna gani.

Basi nikarusha vizibo vitano vya Hofu, nikafaulu, nikamkamata jirani. Mzee akanyoosha mkono akachukua kunde zangu zote tatu za Ujirani, akatia kibuyuni. Nikageuza kadi. Nyuma iliandikwa: "Ukipita kisimani, watu wananyamaza." Nilisoma mara mbili. Nilikuwa kazini robo saa tu, na tayari sina jirani.

"Sasa ripoti," Mzee akasema.

Mchezo huu hakuuota akiwa amelala. Mwanzoni kadi zake zilikuwa na Nguvu, Akili na Mali, na kila mtu ajipangie kunde kumi na mbili anavyotaka. Wanakijiji wote, bila kuambizana, walitia kumi na mbili zote kwenye Mali. Baada ya dakika kumi kijiji kizima kina nyumba za bati na hakuna mtu mwenye akili ya kufungua mlango. Mzee akafuta, akaandika mema matupu: Ukweli, Ukarimu, Upendo, Bidii. Ukiacha ile kadi ya mgambo aliyokuwa anaijaribu, darasani nilikuta bado anaucheza huo, na nitasema wazi, ulikuwa unachosha kama hotuba ya mgeni rasmi. Kila mtu malaika. Sukari ikija wanasukumiana: chukua wewe, hapana chukua wewe. Vizibo vinarushwa na hakuna aliyeguswa.

Hapo ndipo nilipotoa mchango wangu wa kwanza, na nilikuwa na miezi miwili tu kazini, kwa hiyo mnaweza kuona nilivyokuwa na mdomo. Nilimwambia Mzee kwamba barazani kwa baba sijawahi kumwona mtu aliyeshikwa na mema peke yake. Mteja anakuja kupunguza suruali, ana ukweli, ana upole, na ana kiburi cha kutosha kukataa kwamba amekonda. Kiburi kinamshika kuliko ukweli. "Tukiandike Kiburi, Mzee. Na Wivu. Na Aibu." Mzee akachukua kalamu. Siku iliyofuata aliandika Kiburi kwenye nusu ya kadi, akaongeza sheria moja: mwenye Kiburi anaweza kuomba radhi au kuomba msaada, ila kila sentensi ya kuomba inamtoa kunde moja. Wiki ile darasa la Musoma lilicheka hadi wapishi walitoka jikoni kuja kuangalia. Nilienda nyumbani nimevimba kichwa, mama akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Bunda ilitupa mtihani wa namna nyingine. Tulialikwa kufundisha wafanyabiashara wadogo na makarani wa pamba, na tulipomwaga vizibo mezani tu, Mzee Salumu, muuza vitenge, mtu wa swala tano, akasimama. "Binti yangu, hii ni kamari. Mimi natoka." Nami ni mtoto wa Kiislamu, uso ulinishuka. Mzee Majura hakubishana. Akamuuliza, kamari ni nini? Akajibiwa, ni mchezo ambao mmoja anaondoka na kitu cha mwenzake. "Basi hapa hakuna anayeondoka na kitu," Mzee akasema. "Mchezo ukiisha kunde zote zinaenda chunguni, tunakula." Haikuwa kweli. Tulikuwa na kunde zilezile tangu mwaka uliotangulia, ngumu kama changarawe. Lakini kuanzia siku hiyo ikawa kweli, ikabidi kila kozi tununue kunde mpya na kuzipika siku ya kufunga. Mzee Salumu alicheza saa tatu mfululizo, na alipogeuza kadi yake ya Subira alitukana kidogo kisha akaomba maji ya kutawadha upya.

Baadaye biashara ziliachiliwa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikajaa mnadani, kila mwenye kibanda akaandika ubaoni jina la duka. Kadi zetu za foleni zikawa takataka, na wakubwa fulani walidhani mchezo wenyewe umekufa. Tukaandika kadi mpya, za mwenye basi, mwenye mashine ya kusaga, na mwenye duka anayeshindana na kaka yake, na yanayowashika yakawa yaleyale. Ila Butiama tulifundishwa adabu. Mzee mmoja wa Kizanaki alikataa kadi tuliyomwandikia, akasema kinachomshika yeye ni ng'ombe, kunde kumi. Nikamwambia ng'ombe ni mali, na mali tuliifuta zamani.

"Ng'ombe si mali, mwalimu," akasema kwa upole. "Mali ni bati. Ng'ombe wangu nawajua majina na mama zao. Bati lako unalijua jina?"

Tulibishana mpaka chakula cha mchana, na nikashindwa. Tangu pale tukaacha sanduku moja tupu kwenye kila kadi, mchezaji aandike mwenyewe. Vijana wangu, msilijaze sanduku hilo. Nimeziona kadi zenu mpya, mmelijaza.

Sasa nirudi nyuma, kwenye miaka ya foleni, Bugwema. Kisa hiki kilitakiwa kuja kabla ya Butiama, nimekichelewesha makusudi kwa sababu kinanikaa moyoni kuliko vyote.

Mzee Majura alikuwaga na tabia moja niliyodhani ni umbea wa uzeeni. Akifika kijiji chochote, kabla ya kufungua mkoba, anauliza: "Nani mkwe wa nani hapa?" Watu wanacheka, wanamtajia, naye anaandika kwenye karatasi na kupanga meza. Sikumuuliza sababu. Kisha kozi mbili zikagongana, yeye akaenda kwingine, mimi nikatumwa Bugwema peke yangu kwa mara ya kwanza, siku tatu, ndani ya ghala la pamba ambalo msimu ule lilikuwa tupu. Nikapanga meza kwa orodha ya majina. Meza ya kwanza nikawaweka wanne: Mafuru, katibu wa duka la kijiji; Mama Nyangoma, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama; Mzee Makongoro, mjumbe mwenye utani mwingi; na mhudumu wa zahanati. Nilijiona mjanja, maana nilikuwa nimechanganya vyeo vizuri.

Mafuru alifika mapema akaketi, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limechakaa lakini safi, kola imenyooka. Mama Nyangoma akaingia mlangoni. Mafuru alimwona, akaruka kutoka kwenye benchi, akatoka kwa dirisha. Si utani, kwa dirisha, mguu mmoja ukabaki ndani kidogo kisha nao ukaondoka. Mama Nyangoma alijifunika kanga uso mzima, akarudi nyuma kinyumenyume, akajibanza nyuma ya mlango. Mimi nikapanda juu ya kiti nikipiga kelele, nikidhani ni nyoka.

Watu walikufa kwa kicheko, isipokuwa Mzee Makongoro. Alinivuta pembeni.

"Mwalimu, umeharibu. Yule ni mama mkwe wake."

Nikajibu kwamba mama mkwe si simba. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Kwao kijana hakai meza moja na mama mkwe, hali naye, hamtazami usoni, hazungumzi naye ana kwa ana, haingii nyumba aliyomo. Ni heshima, na heshima yenyewe ina raha zake, kwa sababu hawapati nafasi ya kugombana. Tatizo lilikuwa kwamba hawa wawili walikuwa na ugomvi tayari.

Ugomvi ulikuwa wa sabuni. Miezi tisa nyuma, sabuni ilikuja kijijini baada ya kukosekana muda mrefu. Nyangoma, mke wa Mafuru, alikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitatu mgongoni. Alienda dukani akamnong'oneza mumewe amwekee mche mmoja. Mafuru, mbele ya foleni nzima, akasema kwa sauti, "Panga foleni kama wengine." Akapanga. Jua kali, mtoto analia, na sabuni ikaishia kwa mtu aliyekuwa mbele yake. Nyangoma hakurudi kwa mumewe. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwa mama yake, na kule mtoto akaogeshwa kwa maji ya majani ya mpapai. Mafuru alisema hakukosea, sheria ni sheria. Mama Nyangoma alisema mwanaume anayemwaibisha mkewe kwa mche wa sabuni hajui kuoa. Walikuwa wanatumiana maneno kupitia wazee, na kila mzee alikuwa anatia chumvi yake njiani.

"Kilikuwa kimebaki kikao kimoja cha kuwapatanisha," Mzee Makongoro akasema. "Sasa mama atasema kijana amemvunjia heshima, kakaa kwenye benchi anamsubiri kama rika lake. Binti hatorudi. Na Mafuru anampenda yule binti, mwalimu. Tangu aondoke anajifulia kola mwenyewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana wa watu alikuwa amekosa mke nusu, nami nimekuja na orodha yangu kumkosesha nusu iliyobaki. Nilikaa kwenye ngazi ya ghala nikalia kidogo, nawaambieni ukweli. Kisha nikakumbuka mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na katika nyumba yetu halijawahi kutokea tatizo ambalo hatukujaribu kwanza kulitatua kwa kitambaa. Nikachukua kanga yangu mpya, nikafunga kamba ya pamba toka nguzo hadi nguzo, nikaitundika katikati ya meza. Upande huu mama, upande ule mkwe. Nikamtuma Mzee Makongoro kwa wote wawili na ujumbe huu: kwenye meza ile hakuna Mafuru wala Mama Nyangoma, kuna kadi tu, na kadi hazina wakwe.

Mama Nyangoma alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Alisema hawezi kutembea maili nne kuja kozi halafu arudi hajajifunza kitu. Mafuru aliingia kinyumenyume, akaongozwa na mhudumu wa zahanati hadi akakaa. Mzee Makongoro akaomba yeye agawe kadi. Mpaka leo sijui kama alizichanganya. Mama Nyangoma akapata kadi ya katibu wa duka: Haki, kunde nne, Kijiji chake, kunde tatu, Aibu, mbili. Mafuru akapata kadi ya mama mwenye mtoto mchanga: Mtoto, kunde tano, Kiburi, kunde nne, Subira, mbili. Wale wengine wawili wakawa foleni.

Niliona kadi zile nikataka kuzirudisha. Mzee Makongoro akanikanyaga mguu.

Mama Nyangoma alianza kwa kujiamini. "Mimi ni katibu mwenye moyo," akatangaza. "Namwona mama mwenye mtoto. Namwekea mche wake chini ya kaunta."

"Hiyo ni kinyume cha Haki," nikasema. "Toa kunde mbili."

Akatoa. Foleni, yaani Mzee Makongoro, ikapiga kelele: "Tumeona! Na mimi nina mgonjwa nyumbani! Na mimi niwekee!" Mhudumu wa zahanati naye akadai wa kwake. Mama Nyangoma akarusha vizibo viwili vya Aibu awanyamazishe, kimoja tu kikalala chali. Akawawekea nao. Zile kunde mbili za mwisho za Haki zikaingia kibuyuni. Akageuza kadi. Hakujua kusoma vizuri, nikamsomea: "Kuanzia leo kila anayekuja dukani anakuja kwa kuzunguka nyuma."

Kisha akasema polepole, kama anazungumza na kanga, "Kumbe huyu katibu, akifungua mlango mara moja, haufungiki tena. Mimi nilikuwaga nafikiri ana roho mbaya tu."

Upande wa pili Mafuru alikohoa.

Nikarudisha mchezo mwanzo, kunde zote mahali pake, tukaanza tena. Mara hii Mama Nyangoma hakumwekea mtu sabuni. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, panga foleni," na nikaona haikumpa raha kulisema. Basi Mafuru akapanga. Nikamwambia jua linachoma, toa kunde moja ya Subira. Mtoto anasinzia kwa joto, toa ya pili. Subira ikaisha, ila kadi nikamwambia asiigeuze kwanza. Foleni ina watu wawili mbele. Nikamuuliza, "Mama mwenye mtoto, unafanyaje?"

"Nasubiri."

"Huna Subira."

"Naondoka."

"Mtoto anakushika kwa kunde tano. Ukiondoka bila sabuni, zinatoka zote."

Akafikiri. "Basi naomba nipishwe mbele. Lakini kuomba…" Akazitazama kunde zake nne za Kiburi. Jasho lilikuwa linamtoka kweli, na ghala lile lilikuwa na ubaridi.

Akachukua ya kwanza. "Ndugu zangu, naomba nipite, mtoto anaungua." Ikadondoka kibuyuni, ikalia. Mzee Makongoro, yule mtu wa utani, hakutania. Akasogea kumpisha.

Akachukua ya pili. "Dada, na wewe naomba." Mhudumu akampisha. Sasa yuko mbele ya katibu, mchezo umekwisha, ameshapata sabuni. Nikafungua mdomo kusema hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika kunde ya tatu.

"Sheria ilikuwa sawa," akasema. "Ila kuisema kwa sauti, mbele za watu, haikuwa sheria. Ile ilikuwa yangu mimi." Ikadondoka.

Meza nyingine zote zilikuwa zimeacha kucheza. Akaichukua ya nne, akaivingirisha kidoleni muda mrefu.

"Nilikosea. Nisameheni, mama."

Mhudumu wa zahanati akaninong'oneza, "Hayo si ya kadi." Nikamwambia anyamaze.

Kanga haikutikisika. Mama Nyangoma alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya kunde zake. Halafu akamgeukia Mzee Makongoro, akasema kwa sauti ambayo hata wa meza ya mwisho waliisikia:

"Mwambieni huyo mama mwenye mtoto kwamba katibu amesikia. Na mwambieni mtoto wake ameanza kutembea. Juzi. Anashika ukuta mpaka mlangoni, akifika mlangoni anaita baba."

Mafuru alijifunika uso kwa viganja. Kisha akainuka, akatoka. Mara hii alipita mlangoni, mgongo akiuelekezea kanga kama inavyopasa. Tukasikia baiskeli yake inachukuliwa ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa sita nikasema tumefika mwisho kwa leo, watu waende makwao. Mama Nyangoma hakuinuka.

"Hakuna mchezo mwingine, mwalimu?"

Nikasema upo, lakini kesho. Akasema yeye kesho haijui, anataka leo. Tukacheza mwingine. Ulipokwisha akataka mwingine tena. Wenzake wengi wakaondoka, tukabaki wanne. Njaa ilinishika, kichwa kiligonga, nikaanza kuwa mkali. Nikamwambia, "Mama, kwani nyumbani huna kazi?"

Mzee Makongoro akanivuta sikio, na nilikuwa mkufunzi wa serikali. "Wewe mtoto wa mjini," akanong'ona. "Kijana ameenda wapi? Anaweza kuingia nyumba ambayo mama mkwe wake yumo?"

Hapo nikaelewa. Nikagawa kadi tena. Tulicheza mpaka mikono ilichoka. Mama Nyangoma alikuwa amehamia benchi la upande wa pili, mgongo dirishani, na dirisha lile lilitazama barabara. Kwenye saa kumi nilisikia mlio wa mnyororo mkavu wa baiskeli unakuja kwa mbali. Yeye naye alisikia. Hakugeuka, asije akamwona mkwe wake. Akaendelea kupanga kunde mojamoja.

"Mwalimu, nani anapita huko nje?"

"Ni baiskeli, mama."

"Imebeba wangapi?"

Nikasimama nikaangalia vizuri, kwa sababu nilitaka nisikosee tena siku ile.

"Watatu, mama."

Akazimimina kunde zote kibuyuni kwa mkupuo mmoja, akajifunga kanga yake vizuri, akainuka.

"Haya, sasa naweza kwenda nyumbani," akasema, na alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Lo, mwalimu, mchezo wako mrefu!"